Sanduku la AVEC liko na kufuli 3, kode yetu ilikuwa na moja

Ndugu na dada wa Butembo na Beni, safari hii hatuanzi na Leta. Tunaanza na sisi wenyewe, juu tuko na msamaha wa kuomba.

Kuna dada yetu mmoja wa Beni ambaye tulimtoa kati yetu. Hakuna aliyemwambia "toka". Tulifanya kwa njia ya siku hizi: watu walimtukana ndani ya grupe ya WhatsApp siku mbili nzima, sisi wengine tukasoma na kunyamaza, mpaka akajitoa mwenyewe usiku. Walisema amekula franga. Hakula. Na ile tuliyoita ushahidi ilikuwa kazi ya uvivu wetu. Tueleze vizuri, maana wengi mlisikia upande mmoja tu.

Sisi ni kikundi kidogo cha vijana wenye diplome na bila kazi. Kati yetu kuna wa informatike, wa sheria, wa ekonomia. Asubuhi mmoja anauza inite kando ya barabara, mwingine anaendesha pikipiki ya mjomba wake, mwingine anazunguka na CV mpaka karatasi inachakaa mkononi. Jioni tunakutana kwenye chumba kimoja cha Butembo, wa Beni wanaingia kwa telefone kama rezo iko, na tunajenga programu ndogo. Kazi yake ni rahisi: inaonyesha bei ya halali ya hati mbalimbali, ili mama anayefuata hati ya kuzaliwa ya mtoto ajue atalipa ngapi kabla ya kufika dirishani. Hakuna anayetulipa. Tunaifanya kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kumuona mama yake akirudi nyumbani amenyamaza, amelipa mara tatu na hakupewa risiti.

Siku moja mama mmoja wa kartie akatuletea telefone yake. Hakuwa anapiga kelele. Alitaka tu tumuonyeshe kama anasoma vizuri. Kwenye programu yetu, mbele ya hati aliyoifuata, bei ilikuwa imeongezwa sifuri moja. Na wakala wa dirishani, alipoulizwa, alimgeuzia telefone yake mwenyewe: "Mama, angalia, ni batoto benu njo balishaandika." Alilipa. Alikopa ili alipe.

Usiku ule tulifungua historia ya kode. Wasiojua kazi hii, wavumilie kidogo. Kode, ao msimbo, ni yale maandishi tunayoandika ili programu ifanye kazi. Tunaitunza kwa kutumia Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, na leo karibu kila anayeandika programu duniani anakitumia. Uzuri wake ni kwamba hakisahau: kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya, siku na saa. Historia ikasema: sifuri ile imewekwa na dada yetu wa Beni. Jina lake, imeili yake. Na pembeni alama ya kijani, kusema sahihi imethibitishwa. Mtu mmoja akaandika kwenye grupe "sasa tumemjua", na yaliyofuata mnayajua.

Swali moja hatukuliuliza usiku ule: ile sahihi ilitoka kwa ufunguo wa nani?

Kwanza, jina. Ndani ya Git jina si kitu. Unaandika mstari mmoja, git config user.name, kisha jina unalotaka, hata la askofu, hata la gavana, na badiliko litatoka kwa jina hilo. Hakuna anayekuomba karte. Ni kama jina la mtumaji nyuma ya bahasha: posta haiendi kuuliza kama ni kweli.

Msifikiri ni tatizo la wanafunzi wa Butembo. Tarehe 28 Mwezi wa 3, 2021, kwenye msimbo wa PHP, lugha inayoendesha sehemu kubwa ya tovuti za dunia, yaliingia mabadiliko mawili kwa majina ya Rasmus Lerdorf, aliyeianzisha lugha hiyo, na Nikita Popov, mmoja wa watunzaji wake wakubwa. Maelezo yalisema ni kusahihisha kosa dogo la maandishi. Ndani yake kulikuwa na mlango wa siri wa kuingilia kwenye seva za watu. Wale wawili hawakuhusika. Wenzao waliyakamata kwa saa chache, kwa sababu kuna watu wanaosoma kila kinachoingia. Sisi hatukuwa na msomaji, na sifuri yetu ilikaa siku tisa.

Dawa ya jina la uongo ni sahihi, sinyatire, lakini si ya kalamu. Unatengeneza funguo mbili zinazozaliwa pamoja. Moja ni ya siri, inabaki kwako. Nyingine ni ya wazi, unaigawa kwa kila mtu, unaweza hata kuibandika ukutani. Badiliko ulilolitia sahihi kwa ufunguo wa siri, mtu yeyote mwenye ufunguo wako wa wazi anaweza kulipima, na kama hata nukta moja imeguswa baadaye, kipimo kinakataa. Phil Zimmermann aliweka mambo haya mikononi mwa watu wa kawaida mwaka 1991 kwa programu yake PGP, na serikali ya Marekani ikamchunguza miaka mitatu kama mtu aliyesafirisha silaha. Kisha ikaacha. Leo GnuPG inafanya kazi hiyohiyo bure, na tangu toleo 2.34 la Git, mwisho wa 2021, hata ufunguo wa SSH ambao wengi wetu tuko nao tayari unaweza kutia sahihi.

Kwa hiyo chombo kiko, ni bure, na sisi tulikuwa tunakitumia! Hapo ndipo aibu ilipo. Tulikuwa na ufunguo mmoja kwa kikundi kizima.

Ulizaliwa hivi. Mwenzetu mmoja aliutengeneza kwenye kompyuta ya pamoja, ile tuliyoichangia tukainunua okazio. Hakuweka neno la siri, kwa sababu umeme unakatika, kompyuta inazimika, na kila ukiwasha unaandika tena, wote tukachoka. Wa Beni wakauliza: na sisi? Tukaukopi kwenye flashi, flashi ikapanda gari. Kilomita zaidi ya 50 za barabara ya Beni, ndani ya mfuko wa mtu aliyekuwa anaenda kwa mambo yake. Ikafika, ikakopiwa kwenye kompyuta mbili, ikarudi. Flashi hiyohiyo ndiyo tuliyokuwa tunapeleka kwenye duka la fotokopi ili kuchapisha CV. Imeingia kwenye mashine ambazo hatujui hata nani anazifungua asubuhi. Kifaransa kinaita flashi "clé", ufunguo. Tuliweka ufunguo ndani ya ufunguo, tukauzungusha mjini.

Basi ile alama ya kijani ilisema nini? Haikusema "ni dada wa Beni". Ilisema "ni mtu fulani aliyewahi kugusa flashi". Jina lake liliandikwa juu, kama jina nyuma ya bahasha. Yeye siku ile alikuwa kwenye kilio upande wa Oicha, bila rezo, na wanaokaa kule wanajua tangu 2014 vilio ni vingapi. Alitueleza. Tukamjibu: lakini sahihi ni yako.

Mpaka leo hatumjui aliyeweka sifuri, na pengine hatutamjua. Ufunguo wa watu wote hauwezi kumshika mwenye kosa, na hauwezi pia kumtetea asiye na kosa. Hili la pili ndilo linatuuma. Kila mara tunazungumza juu ya usalama kama kitu cha kumzuia adui. Hatukufikiri kwamba dada yetu alikuwa na haki ya kuwa na ufunguo wake peke yake, ili siku akisingiziwa awe na kitu cha kuonyesha.

Mama zetu walijua hili kabla yetu. Nendeni mkaangalie AVEC yoyote ya kartie, ile michango ya akiba na mikopo midogo. Kuna sanduku la chuma, na juu yake kufuli 3. Funguo 3 ziko kwa watu 3 tofauti, na anayelala na sanduku nyumbani hana hata ufunguo mmoja. Siku ya mkutano wote wanakuja, kila mmoja anafungua yake, franga zinahesabiwa mbele ya kila mtu. Wengi wa wamama hao hawakumaliza shule. Sisi wenye miaka mitano ya chuo tuliweka mali ya watu nyuma ya kufuli moja na tukatengeneza kopi za ufunguo wake kama kopi za CV.

Tulipoanza kusema hivi, majibu yakaja. La kwanza: "Sisi batoto ya mama moja, funguo ya nini? Munaanza kukosa kuaminiana." Jibu hili linapendeza sikioni. Lakini muulizeni mfanyabiashara wa Butembo. Wanachangia franga, mmoja anapanda ndege kwenda Dubai ao Guangzhou, ananunua kwa niaba ya wote, kontena moja linarudi na mali ya watu kumi. Kuaminiana kuliko huko kuko wapi? Hata hivyo kila furushi liko na alama ya mwenyewe, na hakuna tajiri anayemwachia mwenzake kashe yake na kitabu chake cha hundi ati kwa sababu wanasali pamoja. Kila mtu kuwa na alama yake ndiyo inafanya waendelee kuaminiana mali inapopotea.

La pili lilitoka kwa mwenzetu anayesoma sana, na yeye hatuwezi kumpuuza: sahihi haizuii mtu mbaya. Ni kweli. Mwaka 2024 dunia ilikutana na habari ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyo ndani ya karibu kila Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alisaidia kazi hiyo kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole, mpaka mtunzaji wake, Lasse Collin, aliyekuwa amechoka na anafanya kazi bila malipo, akampa nafasi ya kutoa matoleo mapya. Jia Tan akatoa toleo lenye mlango wa siri, na akalitia sahihi kwa ufunguo wake halali. Kipimo kilikubali kila kitu. Aliyeokoa watu ni Andres Freund, injinia aliyeona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kulala bila kujua kwa nini. Aliitangaza tarehe 29 Mwezi wa 3.

Basi tusidanganyane: sahihi inakuambia nani, haikuambii kama ana moyo mzuri. Lakini soma habari ya xz mara ya pili. Mlango ulipopatikana, watu walijua mara moja warudi kusoma kazi gani yote ya nyuma, kwa sababu ilikuwa na mwenyewe. Na tatizo kubwa lilikuwa mtu mmoja aliyechoka, ufunguo mmoja, na hakuna jicho la pili. Kwa hiyo jibu la mwenzetu halitutoi kwenye kufuli 3. Linaturudisha palepale.

La tatu ni zito, na tunaliongea kwa sauti ya chini. Tangu tarehe 6 Mwezi wa 5, 2021, tuko chini ya etat de siège. Telefone inachukuliwa kwenye barieri. Vijana wamefungwa na kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi. Ukimpa kila mtu ufunguo wake, si unampa kila mtu kitu cha kupigiwa ili akitoe? Tulikaa juu ya swali hili jioni mbili. Tunachoamini ni hiki: mtu mmoja anaweza kulazimishwa popote, na hatutamlaumu anayetoa neno lake la siri akiwa ameshikwa. Maisha kwanza, kode baadaye. Ndiyo sababu ufunguo wa mtu mmoja haupaswi kutosha kubadilisha bei ya hati. Anayekamatwa akijua kwamba ufunguo wake peke yake haufungui kitu, na waliomkamata wakijua hivyo pia, yuko salama kidogo kuliko yule anayejulikana mji mzima kama mwenye funguo.

Sasa tumefanya nini? Ufunguo wa pamoja tumeuua na tumetangaza kifo chake. Kila mmoja amejitengenezea wake kwenye mashine anayoitawala, na neno la siri refu, si tarehe ya kuzaliwa. Ufunguo mkuu hauishi kwenye kompyuta ya kila siku. Umewekwa kwenye flashi ambayo haitoki nyumbani, na kwenye kompyuta kuna mtoto wake tu, ufunguo mdogo wa kutia sahihi unaoweza kufutwa bila kumuua mama. Kila ufunguo unaisha baada ya mwaka mmoja. Mwenyewe akiwa mzima na anauhitaji, anaurefusha. Akiwa amepotea ao amehama, unakufa wenyewe.

Kuna karatasi moja tunaomba msiipuuze. GnuPG ya siku hizi, unapotengeneza ufunguo, inatengeneza wakati uleule hati ya kuufuta. Ni maandishi mafupi ndani ya faili, yamewekewa nukta pacha mbele ili yasitumike kwa bahati mbaya. Yachapishe, na usichapishe kwenye duka la fotokopi, tafadhali. Kama huna printa, yaandike kwa mkono. Yakunje, yapeleke kwa mama yako akayaweke pamoja na brevet yako na kitabu cha chanjo. Kompyuta ikiibiwa, nyumba ikiungua, ukikimbia vita usiku, karatasi ile ndiyo sauti pekee ya kusema mbele ya wote: kuanzia leo ufunguo ule si mimi tena.

Na semeni mapema! Mwizi wa ufunguo anaweza kuandika tarehe anayotaka, hata ya mwaka jana, kwa hiyo usifikiri sahihi za zamani zitajitetea zenyewe. Kwetu tumekubaliana kwamba anayesema "nimepoteza telefone, futeni ufunguo wangu" haulizwi alikuwa wapi wala na nani. Anaambiwa asante. Tunajua kwa nini watu wanaficha: kwetu kupoteza kitu cha kikundi ni kuitwa mwizi kwanza, maelezo baadaye. Tumeliona kwa macho yetu na dada yetu.

Badiliko lolote la bei linahitaji sahihi 2, moja ya Butembo na moja ya Beni, na wa pili lazima awe amesoma karatasi ya bei yenyewe, si kubonyeza tu. Orodha ya funguo za wazi tumeiweka pamoja na kode, kila mtu aione. Na hapo tulikaribia kurudia kosa, kwani orodha nayo ni faili. Anayeweza kuibadilisha peke yake anaweza kuongeza ufunguo wa mdogo wake na kutoa wa kwako, kila kitu kikabaki kijani. Kwa hiyo orodha yenyewe ndiyo inataka sahihi 3.

Angalieni pia kitufe cha kuhariri kwenye tovuti ya GitHub. Ukibadilisha kode kwa kuandika palepale kwenye tovuti, GitHub inatia sahihi kwa ufunguo wake, na alama ya kijani inatokea. Maana yake ni kwamba mtu ameingia kwenye akonti yako, basi. Sisi badiliko la namna hiyo halihesabiki kama sahihi.

Kuna ufunguo mwingine unaochanganywa na huu, ule wa programu ya Android yenyewe. Programu yetu watu wengi hawaitoi kwenye duka la Google. Mega ni ghali, wanapeana kwa Bluetooth, telefone kwa telefone, sokoni, kanisani. Telefone yenye programu yetu ikipewa toleo jipya inaangalia kama limetiwa sahihi na ufunguo uleule wa toleo la kwanza. Kama siyo, inakataa. Huo ndio ulinzi pekee wa mama aliyepokea programu kwa jirani, na unamlinda tu kama toleo la kwanza alilopokea lilikuwa la kweli. Ubaya wake: sisi tukiupoteza ufunguo ule, hatutaweza tena kutoa toleo jipya kwa watu hao. Kila mmoja atalazimika kufuta na kuweka upya, na nani atawaita wote? Kwa hiyo huu tumeufanya AVEC kabisa. Faili limefungwa kwa neno la siri na liko kwenye flashi 2, moja Butembo, moja Beni. Wanaotunza flashi hawajui neno. Wawili wengine wanalijua, kila mmoja nusu.

Sasa turudi kwa Leta, maana mlijua tutafika.

Mwisho wa 2018 sisi wa Beni na Butembo tulinyimwa kura ya rais. Tuliambiwa ni Ebola na usalama mdogo, kura yetu ikasukumwa mpaka Mwezi wa 3, 2019, wakati rais alikuwa ameapishwa tangu Mwezi wa 1. Vijana wa Beni walipanga foleni tarehe 30 Mwezi wa 12 na kupiga kura yao wenyewe kwa karatasi, ili ionekane. Mahali pengine watu walipiga kwa mashine za kampuni Miru ya Korea ya Kusini, zile raia walibatiza "mashine za kuiba". Mwaka 2023 mashine zikarudi, na safari hii hata sisi tuligusa kioo kwa kura ya rais. Tarehe 5 Mwezi wa 1, 2024, CENI yenyewe ikafuta kura za wagombea 82, na kati ya makosa iliyotaja ni kushika mashine za kura bila haki.

Tunauliza CENI swali lilelile tulilokosa kujiuliza. Programu iliyo ndani ya mashine hizo, nani anaweza kuibadilisha? Funguo za kutia sahihi ni ngapi, ziko kwa watu wangapi, na mashine inakataa kuwaka ikiwekewa programu isiyo na sahihi, ao inawaka tu? Nani alishuhudia funguo zikitengenezwa? Hatuombi kupewa ufunguo wa siri. Tunaomba orodha ya funguo za wazi na kanuni ya sahihi ngapi, kabla ya kura ijayo, isomwe hadharani kama vile orodha ya wapiga kura inavyobandikwa.

Na wasituambie ni mambo ya wataalamu. Kenya, mwaka 2017, mahakama kuu kabisa iliamuru tume ya uchaguzi ifungue seva zake zichunguzwe. Tume haikutii kikamilifu, na mahakama ikaihesabia hilo kama doa, kati ya sababu za kufuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Mwezi wa 9. Meneja wa teknolojia wa tume hiyo, Chris Msando, alikutwa ameuawa siku chache kabla ya kura. Tangu pale tunaogopa mfumo wowote ambao watu wanaamini siri yake imelala kichwani mwa mtu mmoja.

Lakini hatuwezi kuidai CENI kufuli 3 wakati sisi tulikuwa na moja. Ndiyo sababu tumeandika haya yote, pamoja na ile ya duka la fotokopi, ambayo wenzetu wawili walitaka tuiondoe.

Mama aliyelipa sifuri ya ziada, tumemrudishia kwa mchango. Franga si nyingi, na hakutuuliza zimetoka wapi.

Siku ya posho tunakutana Butembo, na wa Beni wanaoweza kupanda watapanda. Kila mtu aje na karte yake ya mpiga kura na karatasi aliyoandika kwa mkono alama ya ufunguo wake, zile herufi na tarakimu 40 za GPG. Atazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine, wengine wakifuata kwenye orodha. Ni kazi ya kuchosha, leteni mandazi. Dada yetu tumempigia mara tatu, mara ya tatu alishika. Tulimuomba msamaha, tukamwambia nafasi yake kwenye orodha iko wazi, ya kwanza upande wa Beni. Alinyamaza kidogo, tukafikiri rezo imekatika. Halafu akajibu: "Nitaona."